Kiti Kitupu Hakibembezwi

Asubuhi ile Mirelys alikuta kiti cha marehemu mama yake kimegeuka. Jana yake kilikuwa kimeelekea mlango wa barabarani. Leo kilitazama jikoni, na kamba zote nne zilikuwa zimejisokota. Madirisha yalikuwa yamefungwa tangu jana.

Kiti kilining'inia darini kwa sababu kaka yake ndivyo alivyotaka. Mtu mzima na akili zake anachukua kiti cha kubembea alichokalia mama yake miaka kumi na mmoja ya maradhi, anakitundika sebuleni ili wageni wakipige picha! Radamés alirudi kutoka Tampa, Marekani, miezi mitatu baada ya mazishi, akaigeuza nyumba yao ya mtaa wa Lawton kuwa mgahawa. Ukutani alipigilia simu mbovu, vichwa vya wanasesere na masufuria yaliyotoboka. Habari zikaenea Havana kwamba kuna mahali pa vituko, na mwenyewe ni mcheshi balaa. Hata mimi nilikula pale, tena si mara moja, na maharage meusi yalikuwa matamu, sikatai.

Lakini aliyeyapika ni Mirelys. Kazi ya Radamés ilikuwa mdomo. Alizunguka meza hadi meza, na kila meza aliisimulia hadithi ileile.

“Mama yangu alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya huu,” anasema, anaunyanyua mkono wa kulia wauone. Wanawake walifuta machozi, kisha wakaagiza ndizi nyingine za kukaanga.

Mirelys aliyasikia yote jikoni, mwiko mkononi. Mama alimwita Radamés siku tisa. Alikufa akiutazama mlango, na mkono alioushika ulikuwa wa Mirelys. Kaka mtu hata kwenye mazishi hakutia mguu. Hasira ilimjaa Mirelys, na angeweza kumsuta mbele ya wageni. Alifanya jambo lingine, baya zaidi.

Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba kiti kitupu hakibembezwi. Ukikibembeza unamkaribisha asiyeonekana aje akae, na huyo akiondoka haondoki mikono mitupu, anabeba mtu wa nyumba. Mirelys alilijua hilo vizuri sana. Kila asubuhi alimwaga sakafuni kahawa ya kwanza ya wafu, kama alivyofunzwa na mama yake. Kisha aligeuza ufagio, akakisukuma kile kiti kwa mpini.

“Anasema ulimshika mkono,” alinong'ona. “Basi njoo umshike.”

Siku kiti kilipojigeuza ilikuwa Jumapili. Saa nane mchana, mgahawa umejaa, pakanuka kahawa iliyoungua, na jikoni hapakuwa na kahawa motoni. Halafu kiti kikaanza. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Mzee mmoja aliyekaa chini yake, mpole, mteja wa kila wiki, alikula vijiko vitatu vya maharage, akainua bakuli, akammwagia mkewe usoni. Jumatatu ndugu wawili walipigana kwa viti. Jumanne bibi harusi alimng'ata mumewe.

“Mapishi yako yanapandisha damu, dada,” Radamés alicheka. Aliponyoosha mkono kuchukua sahani, Mirelys aliona alama kifundoni. Zilikuwa tano, nyeusi, kama za vidole.

“Umeumia wapi?”

“Sijui. Nimeamka nazo. Hapaumi, ila pana baridi.”

Kufika Alhamisi vidole vilikuwa kwenye kiwiko. Jumamosi vilikuwa begani, na mkono mzima chini yake umekufa ganzi, na Radamés aliyekuwa hanyamazi sasa alikaa pembeni akijikunyata na koti katika joto lile la Agosti, akisema kuna mtu anapanda, anapanda taratibu kama anayejua anakokwenda, na kila kiti kinapolia kwii anasogea kidole kimoja kuelekea moyoni. Mirelys aliogopa. Alitaka kaka yake aaibike. Afe hakutaka, au ndivyo alivyojiambia. Alivua aproni, akakimbia kumwita Mama Teófila.

Mama Teófila anaongea na wafu tangu ujana wake, na hana subira na watu wazima wajinga. Aliweka glasi ya maji mezani, akawasha sigara yake nene, akapuliza moshi chini ya kiti. Maji yakatoa povu.

“Huyu si mama yenu,” alisema kwa sauti ya chini. “Mama yenu ameshakwenda zake, amepumzika. Huyu hana jina. Amekuta kiti kitupu kinabembea, akapewa kahawa, akapewa na kazi. Nani kampa?”

Juu yao kiti kikalia.

“Mimi,” Mirelys alisema.

Radamés aligeuka polepole. “Umeniloga, Mirelys? Ndugu yako wa tumbo moja?”

“Nilikusikiliza. Mara ishirini kwa siku nakusikiliza unanyanyua huo mkono. Siku tisa alikuita! Mlango ukigongwa anauliza, ni Radamés? Namwambia bado, mama. Ulikuwa wapi?”

Radamés alitazama sakafu. “Tiketi nilikuwa nayo mfukoni. Niliogopa kumwona amekonda. Nilikaa uwanja wa ndege mpaka ndege ikaondoka, nikarudi kulala.”

“Sikia, mwanangu,” Mama Teófila alimwambia. “Wewe acha uongo.” Akamgeukia Mirelys. “Na wewe acha hasira. Kimoja kikibaki, naye amebaki. Mimi kiti nitamnyang'anya, lakini ataondoka akitafuta pengine pa kukaa.”

Walikishusha kiti. Mama Teófila alikipaka unga mweupe wa maganda ya mayai, akakichapa kwa majani ya mrihani huku akikitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, kisha wakakivunja na kwenda kukitupa baharini. Jioni ileile vidole vilishuka. Kifundoni ilibaki rangi hafifu tu. Ndugu wawili wakalia pamoja, wakakumbatiana, na mtaa mzima tukashukuru.

Wiki tatu zilipita vizuri. Ya nne, mchana wa Alhamisi, mgeni mmoja aliziona ndoano nne darini, akauliza zilikuwa za nini.

Jikoni Mirelys aliacha kukoroga. Alijisemea moyoni, nimemsamehe, nimemsamehe.

“Palikuwa na kiti cha mama yangu,” Radamés alisema. Meza nzima ilikuwa inamtazama, na yeye kutazamwa anakupenda kuliko roho yake. “Alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya huu.”

Mirelys alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, akaweka mikono mapajani, akangoja hasira ipite kama alivyoagizwa, lakini haikupita, ilipanda kutoka tumboni tamu na ya moto, na pamoja nayo ikaja harufu ya kahawa iliyoungua, na mahali fulani karibu kabisa kitu kikaanza kulia kwii, kwaa, kwii, kwaa, naye akainua macho darini na darini hapakuwa na kitu, akatazama mlango, akatazama dirisha, hadi alipogundua kwamba ukuta wa mbele yake unasogea na kurudi, unasogea na kurudi. Aliyekuwa akibembea ni yeye.

Sebuleni hadithi ilikatika katikati. Glasi ilianguka. “Dada,” Radamés aliita kwa sauti ndogo, “dada, amenishika tena.”

Mirelys alijua kwamba akisimama tu, yule asiye na jina atakosa pa kukaa. Aliendelea kukaa.