Chupa ya Watu Kumi

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu, saa nne na robo asubuhi, mbele ya meza ya mama mmoja mwenye miwani.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Msichana wa miaka kumi na miwili aliwasha jiko, akachemsha chai, akawanawisha uso wadogo zake pacha wa miaka minne, ambao nyumbani waliitwa Kelele na Kimya. Yeye baba alimwita Katibu, maana tangu mama yao afariki ndiye aliyetunza bahasha ya vyeti. Mama alifia kwenye benchi la hospitali, akimsubiri daktari ambaye kila saa walisema yuko njiani. Baba hakulisahau benchi lile, wala hakumsamehe mtu.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kushona kiwandani. Kiwanda kilikuwa kinafungua tawi nchi jirani, naye akachaguliwa kwenda kufunga mashine huko kwa miezi kumi.

"Nikienda, naenda na wanangu," aliwaambia wakubwa wake.

Walikubali, ila asipofika kazini Alhamisi, nafasi anapewa mwingine. Basi familia ikapanga safari ya Jumatano: chumba, blanketi, shule ya Katibu, na nani atakaa na pacha mchana. Katibu aliandika yote daftarini, akatia alama kila kilichokamilika.

Sasa mama mwenye miwani, karani wa ofisi ya safari, alizifungua kadi tatu za chanjo ya homa ya manjano, akazigeuza huku na huku.

"Hizi ni tupu."

"Tupu vipi?" baba akauliza.

"Hazina muhuri. Watoto hawajachanjwa. Na hata wakichanjwa leo, mpakani wanahesabu siku kumi. Wewe kadi yako ni nzuri. Wao Jumatano hawavuki."

Baba alimgeukia Katibu polepole. "Nilikuuliza, kadi tayari? Ukanijibu nini?"

"Tayari," Katibu alisema, macho kwenye viatu. "Kadi zilikuwa tayari, baba. Zilikuwa kwenye bahasha."

Alikuwa amewapeleka pacha zahanati siku mbili mfululizo. Kadi tupu walipewa, lakini siku zote mbili karani wa dirishani aliwahesabu watu kwa kidole, akasema, "Chupa moja ni ya watu kumi. Mko saba. Sifungui dawa imwagike bure. Rudini kesho." Akafunga dirisha, akaenda kunywa chai. Siku ya tatu wenzake Katibu walikuwa wanamuaga shuleni, naye akaenda huko badala ya zahanati. Jioni baba alipouliza, akalisema lile neno moja: tayari.

Baba hakumpiga wala hakufoka. Hilo ndilo lililomuumiza Katibu zaidi. Walitoka hapo moja kwa moja hadi zahanati.

"Mko watatu," alisema karani wa dirishani. "Bado saba."

"Kazi yako ni kuhesabu tu?"

"Mzee, mimi nafuata maagizo."

"Waliomwacha mke wangu benchini nao walifuata maagizo," baba alisema.

Katibu akavuta shati la baba. "Baba, nisubiri hapa kidogo."

Ng'ambo ya barabara malori ya masafa marefu yalikuwa yameegeshwa, na madereva walikuwa wamezunguka gurudumu lililopasuka.

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba. Unauza nini, binti?"

"Siuzi. Natafuta watu saba wa kuchomwa sindano ya homa ya manjano."

Wakaangua kicheko. "Watu wanatafuta kazi, wewe unatafuta wa kuchoma?"

"Nilimdanganya baba yangu kwamba tumechanjwa," Katibu alisema. "Sasa atatuacha."

Kicheko kilikatika. Dereva mmoja mnene akafuta mikono kwa tambara. "Huyo wa dirishani hata mimi kanirudisha mara mbili, na kadi naihitaji mpakani. Haya, mabwana, kunjeni mikono ya mashati."

Wakavuka barabara wote saba. Karani akahesabu, akafika kumi. Friji ikafunguliwa. Siku hiyo majina yalibadilishana: Kimya alipiga mayowe, Kelele akanyamaza kama maji ya mtungini.

Jumatano baba aliondoka peke yake. Shangazi, dada yake, alikuja kukaa na watoto. Tarehe kumi na nne angewapeleka mpakani, baba awapokee. Kituoni baba alichuchumaa mbele ya Katibu.

"Mwanangu, neno lako lilikuwa la kweli, lakini ulilitumia kunificha ukweli. Huo ni uongo. Ungeniambia mmerudishwa, siku ileile ningekwenda mwenyewe. Juzi uliwaambia madereva ukweli mchungu, na umeona ulivyotusaidia. Nyumbani anza na huo."

"Nimeelewa, baba."

Baba akapanda ngazi ya basi. Katibu, pacha wakimshika sketi, akamtazama mpaka akakaa dirishani.

"Baba," aliita, "mimi umenifundisha. Na yule aliyekuwa anafunga dirisha, yeye nani atamfundisha?"

Baba alifungua mdomo. Basi likaondoka.