Mfuko wa Bluu Siku ya Sabato

"Muuaji yuko mtaani kwenu. Sura hatuijui. Mwingize waziri garini."

Sauti ya mkuu ilikwaruza ndani ya kisikilizio alichokificha Yemima Hasid, mlinzi wa waziri, chini ya kilemba.

Mbele yake, Rabi Zerah Ginzburg alikuwa akienda sinagogi kwa miguu. Yatima aliyeshuka melini na viatu vya kuazima, akawa mwalimu wa Torati, kisha mbunge, kisha waziri. Jumatatu kura yake moja ingeamua kama serikali itasimama. Kuna watu ng'ambo waliotaka ianguke.

"Rabi, panda gari."

"Binti, miaka thelathini bungeni nimepigania Sabato. Leo nipande gari mbele ya walionichagua?"

"Kuokoa roho kunaruhusiwa hata Sabato. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mkuu wako huniona maiti kila wiki. Twende."

Mita hamsini.

Wanaume wa shali nyeupe za sala walijaa langoni. Macho ya Yemima yakapita mikononi mwao. Vitabu. Watoto.

Mita ishirini.

Mzee akapunguza mwendo. Midomo haikucheza sana.

"Yule wa shali mpya, kushoto. Kashika nini?"

"Mfuko mdogo. Wa bluu."

"Wa tefilini. Vikasha vya sala tunavyojifunga mkononi siku za kazi. Sabato hatuvigusi."

Yemima aliacha sala tangu jeshini. Asingeliona hilo hata kwa darubini.

Mkono wa yule mtu ukazama mfukoni.

Yemima akaruka.

Alimdaka kifundo cha mkono na kukisukuma chini. Mfuko ukakohoa. Risasi ikachimba ngazi ya jiwe, shibiri moja kutoka kiatu cha Rabi. Kiwiko cha Yemima kikaingia kooni. Jamaa akalala chali, Beretta, bastola ya Yemima, puani.

"Shabbat shalom," Yemima akampa salamu ya Sabato.

Ndani ya mfuko, bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

Mzee alikuwa amekauka ukutani, mkono kifuani.

"Sasa utapanda gari?"

"Si umeshaiondoa hatari?" Mzee akapanda ngazi.

Redio ikakwaruza. "Hasid. Gari limefika kona. Nani anapanda?"

"Huyu aliyelala."

Walinzi walipomkokota, Yemima akakaza kilemba, akaficha Beretta, akapanda ngazi za upande wa wanawake.

Ndani, sala ilikuwa imeanza.