Mgeni Asiyetia Kijiko Kikombeni

Kijiko cha pili ndicho kilichomshtua Gesine Oltmanns. Alikuwa ameagiza chai ya mtu mmoja, na mtu mmoja ndiye aliyekaa pale mezani, lakini alipokunja ramani yake ya mji aliona ng'ambo ya meza kikombe kikavu, kisahani, na kijiko kimelazwa ubavuni. Kiti nacho kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kiasi cha kumtosha mtu kukaa.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mwezi wa Novemba, mjini Lüneburg, na nje ukungu ulikuwa umemeza minara yote ya makanisa aliyosafiri kuja kuitazama. Alikumbuka kwamba dakika chache kabla, sauti ya mwanamume ilimuuliza, "Kiti hiki kina mtu?" Swali la kila siku. Katika nchi ile watu wasiojuana hukaa meza moja bila shida, mradi mtu aulize kwanza, na anayeulizwa hujibu bila kuinua uso, kwa sababu kumkodolea macho mtu usiyemjua ndio ukosefu wa adabu. Gesine, pua yake ikiwa ndani ya ramani, alijibu, "Hakina mtu. Karibu ukae." Akalisogeza buli lake apishe nafasi. Alipoinua kichwa hakukuwa na mtu, akadhani bwana yule amepata meza nzuri zaidi.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake katika miaka saba. Miaka yote hiyo alikuwa kwao Leer, magharibi kabisa mwa nchi, akimtunza mama yake, Bi Tomma, ambaye miguu ilikuwa imemwachia vitu viwili tu duniani: kiti cha jikoni na dirisha. Siku tatu tu aliziomba, Ijumaa hadi Jumapili. Jirani yao Theda, mjane mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika, alikubali kumpelekea mama chakula asubuhi na jioni. Mama naye alikubali, kwa ulimi. Macho yalisema lao. Gesine akiwa mlangoni, mama alimuuliza kama Jumapili saa kumi na moja watakunywa chai pamoja, na Gesine akamwahidi.

Mtu wa Leer akiahidi chai, huyo ameapa. Kule chai ni sheria. Mwenyeji anatia, mgeni anakunywa, na vikombe vitatu ndiyo adabu. Mgeni ataendelea kutiliwa mpaka aweke kijiko chake ndani ya kikombe, ndipo ijulikane kwamba ameshiba. Kabla ya hapo mwenyeji hainuki mezani. Wao wenyewe hutaniana kwamba hata paa likishika moto, mwenyeji atasema subirini, mgeni hajatia kijiko.

Basi Gesine akalipa, akatoka, akaanza kutembea. Aliingia kanisa kubwa, akaketi kwenye benchi, na mbao za pembeni yake zikalia kama zinavyolia chini ya mtu mzito. Kwenye jumba la makumbusho walimpa vijitabu viwili. Mchana aliagiza samaki, wakamletea uma mbili, na alipouliza, msichana aliyemhudumia alitazama kiti cha pili, akakunja uso, akasema alidhani wapo wawili. Kila alipokaa, kiti cha mbele yake kilikuwa kimevutwa. Na kulikuwa na harufu: maji ya chumvi yanayochemka, na moshi wa kuni mbichi. Mji ule uliishi kwa kuchemsha chumvi mamia ya miaka, mpaka ardhi ya chini ikabaki tupu na nyumba zikaanza kuinama, lakini tanuru za mwisho zilifungwa Gesine akiwa darasa la pili. Hapakuwa na sababu ya harufu ile kumfuata hadi kwenye koti lake.

Habari za usiku ule hotelini nitaziruka. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, na asubuhi kilikuwa kimegeuzwa kuelekea kitandani. Inatosha.

Jumapili saa tano alifunga sanduku lake. Treni yake ilikuwa ya saa saba mchana, na kituo hakikuwa mbali, dakika kumi kwa mguu. Alivuka daraja, akapinda kulia palipoandikwa kituo, akajikuta mbele ya mlango wa ule mkahawa wa chai wa jana. Akacheka kidogo, akajisemea uzee umeanza. Akarudi, akafuata njia ileile, safari hii akihesabu mitaa kwa vidole, akafika mlango uleule. Mara ya tatu hakucheka. Alisimamisha teksi, akamwambia dereva kwa sauti iliyoanza kukatika kwamba anakwenda kituo cha treni, kituo cha treni, si pengine, na dereva akaitikia na kuendesha, na Gesine akakazia macho taa za gari la mbele ndani ya ukungu ili asipotee hata akiwa amebebwa, akaona daraja, akaona mto, akaona kibao cha kituo kikipita kushoto karibu kabisa, kisha harufu ya chumvi ikajaa garini, kiti cha pembeni yake kikabonyea taratibu, na gari likasimama. Dereva aligeuka. "Si hapa uliposema, mama?" Walikuwa mbele ya mkahawa wa chai.

Aliingia kwa sababu hakuwa na pengine pa kuingia. Meza ya jana ilikuwa tupu, vikombe viwili juu yake.

Mwenye mkahawa alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu aitwaye Alheid, mwembamba, mikono imechubuka kwa miaka ya sabuni. Alimtazama Gesine alivyoshika sanduku, kisha akatazama meza, akaenda kugeuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba pamefungwa. Wateja wawili waliokuwamo aliwaomba radhi, akawatoa. Ndipo akamsogelea, akanong'ona.

"Ulimjibu bila kumtazama."

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, dada. Sisi wa mji huu tunainua macho kwanza. Ukitazama, unaona hakuna mtu, hujibu. Wageni mnaficha nyuso kwenye ramani."

Alimsimulia kwa maneno machache. Zamani mchemsha chumvi mmoja alitoka tanuruni asubuhi ya baridi kali, nguo zimelowa, akaingia kwenye chumba hikihiki kilipokuwa baa. Aliuliza meza baada ya meza, na kila meza ikamwambia viti vina watu, hata palipokuwa wazi, maana alinuka. Akakaa kizingitini nje. Walimkuta ameganda. Tangu hapo anauliza, na akijibiwa karibu, basi amekaribishwa.

"Mbona siwezi kuondoka?" Gesine alilikumbatia sanduku lake. "Mama yangu ananisubiri. Nimemwahidi."

"Kwenu wapi?"

"Leer."

Alheid alifumba macho kidogo, kama daktari aliyesikia jina la ugonjwa. "Basi wewe unajua zaidi yangu. Nani kwenu huondoka mezani mgeni hajamaliza?"

Gesine alitazama vile vikombe viwili mezani. Alikuwa amemwambia mtu karibu, kisha akajitilia chai mwenyewe, akainywa mwenyewe, akainuka akaenda. Hakuna mtu wa Leer aliyewahi kumfanyia mgeni jambo kama hilo.

Alheid alisema hana dawa, bali ana maji ya moto. Alimwambia amkirimu kama anavyokirimiwa mgeni kwao, amtilie, azungumze naye, mpaka mgeni mwenyewe atie kijiko. Kisha akamshika mkono kwa nguvu. "Zungumza naye mvua, zungumza naye bei ya viazi. Lakini kiti kitupu usimtajie. Cha popote. Umenisikia?"

Gesine alisikia. Akakaa. Akadondosha donge la sukari kwenye kikombe cha ng'ambo, akatia chai, na sukari ikapasuka kwa ule mlio mdogo aliousikia tangu utotoni. Akamimina malai ya maziwa pembezoni. Harufu ya moshi ikazidi. Chai ikaanza kushuka kikombeni, polepole, bila mdomo.

Alizungumza mvua. Alizungumza ukungu, na minara asiyoiona. Kikombe kikakauka, akatia cha pili, na sasa aliona kwamba hewa juu ya kile kiti ilikuwa inatoa mvuke kama nguo mbichi iliyowekwa karibu na jiko, na mvuke ule ulikuwa na mabega, na mabega yalikuwa yameinamia kwake kama ya mtu mchovu anayependa kusikilizwa, na hofu ikamlegeza ulimi, maana kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi, akasema juu ya safari yake, juu ya miaka saba, juu ya mama ambaye lazima awahiwe kwa sababu siku hizi tatu anashinda peke yake jikoni na hana hata wa kumtazama usoni wakati wa chai, na kiti cha baba mbele yake hakijakaliwa na mtu tangu baba afe.

Sinia la Alheid lilianguka.

Gesine alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Ng'ambo ya meza kijiko kiliinuka kutoka kwenye kisahani, kikaingia kikombeni, kikagonga ukingo mara moja. Kiti kikarudi nyuma. Harufu ikakatika kama mlango umefungwa.

"Ameenda," Alheid alisema, sauti haina furaha.

"Vikombe viwili tu," alisema Gesine. "Ameishia cha pili." Kwao hata mtoto anajua: mgeni anayeishia kikombe cha pili ana haraka ya kwenda pengine.

Alikimbia. Mitaa ilimwachia njia kama isiyokuwa na neno naye, na treni aliipata. Treni ilipofika Hamburg alipiga simu ya nyumbani, ilipofika Bremen akapiga tena, ikalia mpaka ikachoka. Mama huvua kifaa chake cha kusikilizia baada ya chakula cha mchana. Alitafuta namba ya Theda, kidole kikasimama juu yake. Angemwambia nini? Nenda kwa mama, uangalie kiti? Theda angeingia, angekaribishwa, angekaa, angenaswa naye. Akaizima simu, akalia akitazama dirishani, wala hakuona aibu mbele ya abiria.

Saa kumi na moja kasoro dakika nne alifungua mlango wa nyumba yao Leer. Alifika kwa wakati, kama alivyoahidi. Ukumbini, kabla hajavua koti, harufu ya chumvi na kuni mbichi ilimpokea.

Bi Tomma alikuwa jikoni, soksi aliyokuwa anafuma imeanguka miguuni. Alikuwa ameshika buli kwa mikono miwili, na kifuniko kilikuwa kinalia bila kukoma. Mbele yake, kwenye kiti cha marehemu, hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa kinakauka.

"Aliuliza kwa adabu kabisa, mwanangu," alisema Bi Tomma kwa sauti ndogo. "Sikuinua kichwa, nilikuwa nahesabu mishono. Nashangaa nilimsikia, wala sikuvaa kifaa." Akalitazama buli. "Nimemtilia kumi na moja. Nimechoka. Kila nikitaka kuliweka buli, mikono inakataa."

Gesine aliketi kwenye kiti cha tatu. Sasa aliiona sheria yote mpaka mwisho wake. Mgeni yule hashibi. Kule Lüneburg aliondoka tu kwa kuwa alisikia pazuri zaidi. Basi ilitosha kumtajia pengine. Nyuma ya ukuta wa jikoni walimsikia Theda akipanga sahani yake moja, akijisemesha peke yake, na Gesine alijua kabisa kwamba meza ya Theda ina viti sita na vitano havijakaliwa tangu msiba wa mumewe. Neno moja. Mvuke wa kile kiti ulimgeukia, ukainama kidogo, ukasubiri.

Alifungua mdomo. Kisha akanyoosha mikono, akalichukua buli kutoka mikononi mwa mama yake. Likamjia bila shida.

"Nenda ukalale, mama," alisema. Akatia cha kumi na mbili.

Bi Tomma anatembea kidogo siku hizi, kwa mkongojo, ukuta kwa ukuta; yeye ndiye anayechemsha maji na kumlisha binti yake, ambaye haliachi buli. Theda hupita asubuhi na jioni, akibisha dirisha la jikoni kwa kidole. Majuzi alileta keki ya tufaha, akauliza kama kuna nafasi akae nao kidogo, nyumba yake imekuwa kimya sana. Gesine aliinua kichwa, akamtazama machoni.

"Hakuna, Theda," alisema. "Viti vyote vina watu."

Theda alichungulia ndani, akaviona viti viwili vitupu. Aliiacha keki kizingitini, akaondoka bila kuaga, na hajabisha tena.