Wavu wa Ndani ya Kiini

Jumamosi asubuhi Loyce Simeoni alifagia uwanja, akachota maji ndoo mbili, kisha akamsaidia mama yake kuanika alizeti. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa kidato cha kwanza kijijini Ulemo, wilaya ya Iramba. Wenzake walimjua kwa mambo mawili: kicheko chake kilichosikika hadi madarasa ya jirani, na kupenda kwake kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kuliko kula.

Siku hiyo alikuwa na kazi ya shule pia. Mwalimu Mwantum, anayewafundisha biolojia, alikuwa amewachagua Loyce na wanafunzi wenzake, Rukaya na Festo, watengeneze umbo la kiini cha seli kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya wilaya.

"Wengi huchora kiini kama nukta tu katikati ya seli," mwalimu aliwaambia. "Ninyi mtaonyesha ukingo wake. Kiini kimefunikwa na utando. Kwenye utando kuna milango midogo sana, na kila mlango umejengwa kwa protini zilizojipanga duara, pande nane. Halafu chini ya utando, upande wa ndani, kuna wavu wa nyuzi za protini. Huo wavu ndio unaokisaidia kiini kisibonyee."

Wakagawana kazi. Festo angefinyanga milango kwa udongo. Rukaya angeongeza karatasi na kupaka rangi. Loyce alipewa puto kubwa alifungie wavu wa kamba za katani, fundo kwa fundo, kisha abandike juu yake karatasi za kwanza kwa uji wa unga wa ngano. Karatasi zikishakauka, puto lingetobolewa na wavu ungebaki ndani.

Loyce alianza vizuri. Alifunga fundo la kwanza, la pili, la kumi. Kufikia fundo la ishirini vidole vilikuwa vinawaka. Hapo akasikia wasichana wakimwita kutoka njiani.

"Loyce! Tumepungukiwa mtu mmoja tu!"

Alilitazama puto. Kamba zilikuwa zimefika upande wa juu tu. Akajiambia, "Karatasi zitafunika. Nani atajua?" Akabandika karatasi haraka haraka, akaliweka puto juani, akatoka mbio.

Jumatatu, puto likiwa limeshatobolewa, mwalimu aliligeuzageuza lile tufe la karatasi. "Wavu umeufunga wote, Loyce?"

"Ndiyo, mwalimu," alijibu, akiangalia viatu vyake.

Rukaya akaongeza karatasi, akapaka rangi ya zambarau. Jumatano Festo alileta milango yake sita. Ilikuwa mizuri ajabu, kila mmoja na vipande vinane vilivyolingana. Waliibandika, wakapiga makofi, wakaenda kula. Waliporudi, tufe lilikuwa limebonyea upande wa chini kama chungwa lililokanyagwa, na milango miwili imevunjika.

"Festo!" Rukaya alisema kwa uchungu. "Milango yako ni mizito mno! Maonyesho ni Ijumaa!"

Festo aliinama chini. Aliokota vipande vya udongo kimoja kimoja, akavitia mfukoni. "Nisameheni," alisema. "Labda mtafute mtu mwingine wa kufanya kazi yangu."

Loyce alimtazama. Angeweza kunyamaza na mambo yangeisha hivyo hivyo. Lakini Festo alikuwa anaelekea mlangoni, kichwa chini, kwa kosa ambalo hakulitenda.

"Festo, rudi!" alisema kwa sauti. "Siyo milango yako. Ni mimi. Sikumaliza wavu, nikaenda kucheza rede. Halafu nikamdanganya mwalimu."

Rukaya alitumbua macho. "Loyce! Na mimi nimemsema mwenzangu bure!" Akamgeukia Festo. "Nisamehe, Festo."

"Nimesamehe," Festo alisema, na meno yakaanza kuonekana. "Basi na huo wavu ufungwe, mimi nifinyange tena. Bado tuna siku mbili."

Loyce alikwenda ofisini mwenyewe. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akaeleza yote bila kuficha. Mwalimu Mwantum alimsikiliza hadi mwisho. "Umenisikitisha uliponidanganya," alisema. "Lakini umekuja mwenyewe. Puto jingine hili hapa. Kafanye kazi yako."

Alasiri hiyo Loyce alikaa kwenye kibaraza cha darasa akifunga mafundo. Wasichana walimwita akacheze rede, akawapungia mkono tu. Alifunga juu, chini na ubavuni, mpaka puto lote likavaa wavu. Alhamisi jua na upepo wa Iramba vilikausha karatasi kabla ya saa nane mchana. Festo akatoa wazo: "Tukate kidirisha ubavuni. Watu wauone wavu wenyewe!"

Ijumaa meza yao ilizungukwa na watu. Mzee mmoja aliuliza, "Hizi kamba za ndani ni za nini, mjukuu wangu?"

"Bonyeza hapa, babu," Loyce alimwambia. Mzee akabonyeza. Tufe halikuyumba. Loyce akaeleza kuhusu zile protini, kisha akasimulia bila aibu jinsi tufe la kwanza lilivyobonyea, na watu wakacheka pamoja naye. Walishika nafasi ya pili wilaya nzima. Rukaya aliruka hadi mtandio ukamtoka, na Festo akapiga mluzi hadi pumzi ikamwishia.

Wakati wa kurudi, Mwalimu Mwantum aliwakusanya wote watatu.

"Hata katika mwili," alisema, "wavu ule ukiharibika, kiini hupoteza umbo lake, ingawa hauonekani kwa macho. Kazi ya mtu nayo ni hivyo. Sehemu ambayo hakuna anayeiona, ifanye kama inayoonekana." Akamshika Loyce bega. "Na ukikosea, sema mapema. Tufe tulilitengeneza upya kwa siku mbili. Kama ungemwacha Festo aondoke na lawama isiyo yake, hilo tusingeliziba kwa uji wa ngano."