Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Wewe ungemnunulia bintiyo gari la kwanza bila kukaa kiti cha nyuma? Rafiki yangu nesi hukagua gari kama anavyokagua mgonjwa. Pale yadi ya magari, alikompeleka bintiye kuchagua gari, akaingia nyuma, akafunga mlango asikilize injini.

Mlango ukagoma kufunguka. Vioo vilikuwa vyeusi tii. Akagonga, akaita, nje binti na dalali wanacheka tu. Kando yake, kwenye kiti kitupu, mkanda ukavutika taratibu, ukajifunga: klik.

Dalali akaja kufungua. "Loki ya watoto hiyo, mama, usipaniki. Gari la familia, safi."

Nesi akamburuta bintiye, wakaondoka. Gari bado linauzwa. Nyie wenye yadi, kabla hamjamkabidhi mtoto wa mwingine funguo, semeni: humo ndani kuna nani?