Nguzo ya Katikati

"Wewe ndiye Diana uliyechora ile nyumba ya Pioneer? Mimi ni Hulda, bibi ya marehemu Opiyo, fundi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa umemaliza kusoma, ama ulikuwa unajifunzia kwa bwana yangu?"

Diana Namalwa aliisoma meseji hiyo akiwa amesimama, kisu cha kukatia kadibodi mkononi. Alipoisoma mara ya pili alikuwa ameketi sakafuni, na hakukumbuka ameketi vipi.

Alikuwa mbali na Eldoret, katika jiji la Porto, nchi ya Ureno. Hiyo ilikuwa wiki ya sita ya kozi ya kiangazi ya wanafunzi wa usanifu wa majengo. Kesho yake majaji wangekuja kukagua kazi zao. Barua ya kumwita kwenye kozi hiyo ilipofika mwezi wa nne, aliyelia kwanza kwa furaha alikuwa Edwin Kipyego, mchumba wake, muuzaji wa chakula cha mifugo mjini Eldoret. Kabla ya kupanda ndege, Diana alimchorea ramani ya nyumba ambayo wangeishi mtaani Pioneer baada ya harusi ya Disemba, duka chini, makao juu. Opiyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu.

Alimpigia Edwin hapo hapo.

"Babe! Leo umenikumbuka mapema—"

"Opiyo alikufa?"

Kwa mbali Diana alisikia magunia yakitupwa juu ya pickup.

"Nani amekuambia?"

Jibu likawa hilo.

"Alikufa lini, Edwin?"

"Wiki tatu sasa. Slabu ya ghorofa ya juu ilikuja chini. Sikutaka kukusumbua, uko kwa masomo."

"Na picha za mjengo umekuwa ukinitumia kila Jumapili?"

"Ni za zamani."

Ndiyo maana lile toroli la buluu kwenye picha halikuwahi kusogea. Diana aliwahi kumuuliza, naye akasema mvua ya Julai imewasimamisha. Aliamini. Nani asiyeijua mvua ya Julai huko kwao?

"Kwa nini bibi yake ananiuliza mimi?"

"Watu wanaongea tu. Dee, nisikize. Usimjibu. Na usirudi saa hii. Si ulisema hao wazungu wanaweza kukuongezea muda? Waombe. Kaa hata mwaka mzima."

Kwa wiki mbili alikuwa akimwimbia wimbo huo huo, baki, soma, usinijali. Diana alikuwa amewasomea wasichana wa bwenini meseji hizo kwa majivuno. Mwanaume gani mwingine angekubali kukaa bila mchumba wake ili asome?

Alikata simu. Jioni hiyo alibadilisha tiketi, akauacha mjengo wake wa kadibodi mezani bila paa, akaondoka.

Akiwa uwanja wa ndege akingoja ndege ya pili, alirudi nyuma kwenye WhatsApp, siku baada ya siku, akitafuta alichokosea. Alianza na ramani yenyewe. Akaikuza, akapiga hesabu upya kwenye karatasi ya tiketi. Halafu akafikia ujumbe wa sauti ambao Edwin alimtumia wiki mbili kabla ya ajali. Wakati ule aliusikiliza ndani ya basi, wanafunzi wakipiga kelele, akasikia nusu tu. Sasa aliweka vifaa vya masikio, akausikiliza wote.

"Dee, hii nguzo ya katikati inanisumbua. Pickup haiwezi kuingia ndani ya duka. Nataka niitoe, sawa?"

Nyuma ya sauti ya Edwin palikuwa na sauti nyingine, nzito, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele ya mashine.

"Boss, mimi hiyo siitoi mpaka mwenye ramani aseme. Hiyo ndiyo imebeba kila kitu. Mwambie hivyo."

Chini yake palikuwa na jibu la Diana mwenyewe: "Usiiguse! Ukitaka kuitoa ningoje nirudi, engineer aiangalie kwanza."

Na la Edwin: "Sawa mpenzi, wewe ndio daktari wa nyumba."

Diana alilia mpaka mama mmoja asiyemjua, aliyekuwa ameketi kando yake, akamwekea karatasi za kupangusa uso mapajani.

Alifika Eldoret mchana, manyunyu yakianguka. Hakwenda kwao. Alimwambia mwenye boda boda amfikishe Pioneer, sanduku likiwa limefungwa nyuma. Kwenye ploti mabati ya uzio yalikuwa yamefungwa kwa waya tu. Akaufungua.

Slabu ilikuwa imepinda katikati hadi ikakaribia ardhi. Alizihesabu nguzo. Pale ilipopaswa kuwa ya saba hapakuwa na kitu, ila vyuma vinne vilivyokatwa sawasawa na msingi, vimeshaanza kushika kutu.

Alimpigia Edwin. Hazikupita dakika ishirini pickup ikasimama nje.

"Ungeniambia unakuja ningekuchukua airport," Edwin alisema. Alikuwa amekonda. Alinyoosha mikono amkumbatie, lakini Diana hakusogea.

"Nilichora nguzo saba. Naona sita."

"Dee—"

"Ya katikati iko wapi?"

"Tulikata vyuma vyake kabla ya kumwaga. Nilidhani hizo zingine zinatosha."

"Opiyo alikubali?"

Edwin aliangalia barabarani. "Alikataa. Nikamwambia kama hataki, kule Soy kuna mafundi wanatafuta kazi."

"Halafu?"

"Siku ya kutoa miti iliyokuwa imeshikilia slabu, aliwafukuza wale wengine wakae nje. Akaingia pekee yake."

Diana aliviangalia tena vile vyuma vinne.

"Polisi uliwaambia nini?"

"Niliwaambia tulifuata ramani."

"Ya nani?"

"Yako."

Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo sana. Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Nilifikiri huko Ulaya hawawezi kukufikia! Wangekutafuta wachoke, waweke faili chini. Mimi wangenifunga siku hiyo hiyo. Ungebaki huko kidogo maneno yapoe, na mimi ningekufuata tukaishi huko. Nilikuwa nimepanga yote, Dee. Nakupenda, Mungu anajua."

"Ndiyo maana ulisema nikae mwaka mzima."

Edwin alifuta manyunyu usoni.

"Na Opiyo?"

"Opiyo tayari amezikwa."

Diana alimtazama mtu aliyekuwa amuoe Disemba. Alikuwa yule yule, na makovu yale yale ya utotoni kwenye paji la uso. Afadhali angekuwa amegeuka mtu mwingine.

"Twende kwa Hulda. Ukamwambie mwenyewe."

"Siwezi."

"Basi nitamwambia mimi."

Alitangulia kwa miguu, akiulizia njia na kuburuta sanduku matopeni. Baada ya muda akasikia pickup ikimfuata polepole nyuma.

Hulda aliishi katika chumba kimoja nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Diana alipojitaja, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Ni wewe? Nilidhani ni mtu mkubwa."

"Pole sana, Mama—"

"Pole nimepewa nyingi. Mimi nilikuuliza swali."

Diana alipiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Sijamaliza kusoma. Nimebakisha mwaka mmoja. Ile ramani niliichora pekee yangu, na hakuna mtu mwenye leseni aliyeikagua. Nilijua inatakiwa ikaguliwe. Hilo ni kosa langu, na nitaliandikisha polisi leo."

Hulda aliacha kuchambua. Huenda alikuwa amejitayarisha kwa uongo.

"Kwa hivyo ni ramani yako iliua bwana yangu."

Diana akageuka. Edwin alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta.

"Edwin, mwambie."

Edwin alikohoa. "Mama, mambo ya mjengo... ilikuwa ajali. Hakuna mtu alitaka."

Diana alimngoja. Edwin akabaki anakagua viatu vyake. Ndipo Diana akatoa simu.

"Mama, kuna sauti hapa. Opiyo anasikika ndani yake. Ukisema usisikie, nitaelewa."

"Weka."

Sauti ya Edwin ikaanza, nguzo, pickup, duka. Halafu ile nyingine. *Boss, mimi hiyo siitoi mpaka mwenye ramani aseme.*

Mkono wa Hulda uliganda ndani ya sufuria ya maharagwe.

"Rudisha."

Diana akarudisha.

"Rudisha tena."

Baada ya mara ya tatu Hulda alisema, bila kumtazama mtu, "Siku hiyo asubuhi hakumaliza chai. Aliniambia, leo boss anatufanyisha kitu mbaya, afadhali nisiende. Nikamwambia enda tu, utapata wapi kazi nyingine. Mimi ndio nilimwambia aende."

Hapo Edwin hakuweza kuvumilia zaidi. Alishuka chini kwenye tope na suruali yake ya dukani, mikono kichwani.

"Si wewe, Mama. Ni mimi. Alikataa mbele yangu mara mbili. Nilimlazimisha."

"Usiniite mama," Hulda alisema. Alisimama, akafunika sufuria, akachukua leso. "Na si mimi unafaa kuambia. Amka, endesha gari twende stesheni."

Walikwenda watatu, Hulda ameketi katikati yao.

Edwin aliandikisha taarifa yake kwanza. Diana akafuata, akaeleza habari ya ramani isiyokaguliwa kama alivyoahidi, akijua chuo kitamwita na huenda mwaka uliobaki usiwepo tena. Porto siku hiyo majaji walikuwa wamekwisha kupita. Hulda alikaa kwenye benchi. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba ile sauti atumiwe kwenye simu yake, ili watoto waisikie.

Askari alipomwita Edwin aende ndani, alisimama mbele ya Diana, kamba za viatu alizoamriwa kuzivua zikiwa tayari mkononi.

"Dee. Utaningoja?"

Diana alikuwa bado anampenda. Hilo halikuwa limeisha.

"Hapana, Edwin," alisema. "Lakini kila siku watakayokuleta kortini, nitakuja. Nitaketi kando ya Hulda."