Sahihi Tatu za Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa nafungua chumba cha seva. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya maktaba, hakina dirisha, kimejaa baridi ya kiyoyozi na mvumo usiokoma. Nilifuta vumbi, nikasoma kipimajoto, nikaandika joto la chumba kwenye daftari. Ufunguo niliuvaa shingoni juu ya sweta, ili asiyejua ajue. Wenzangu walinibandika jina la Bi Funguo, nami kwa ujinga wangu nikadhani wananisifu.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni fundi wa kompyuta, mzee mpole aliyekuja shuleni mara mbili kwa wiki.

"Unaliona sanduku hili, mjukuu wangu?" aliniambia siku ya kwanza. "Kwa nje ni kompyuta moja. Ndani zimo tano: ya maktaba, ya matokeo, ya mahudhurio, ya walimu, na ya kazi zenu wanafunzi. Tunaziita kompyuta pepe, maana huwezi kuzishika. Ni kama nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana mlango wake, wala hajui jirani anapika nini."

"Na nyumba ikiungua je?"

"Aa, hapo umeuliza la maana. Ikiungua, hasalimiki mpangaji hata mmoja. Ndiyo maana tuna diski mbili."

Diski zenyewe zilienea kiganjani. Moja ilichomekwa kwenye seva, ikipokea nakala ya kila kitu. Nyingine ilikaa kabatini kwa karani, katika jengo la ofisi ng'ambo ya uwanja. Kila Ijumaa nilitakiwa kuchomoa ile yenye nakala mpya, kuipeleka kwa karani, na kurudi na ile ya zamani. Kisha niliandika daftarini, "Diski imepelekwa," nikatia sahihi.

Ijumaa ya kwanza niliyokosea, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Uwanja ulikuwa tope tupu, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Nikajiambia nitaipeleka Jumatatu, nikatia sahihi ili daftari lisikae wazi. Jumatatu nikasahau. Ijumaa ya pili jua liliwaka, sikuwa na kisingizio hata kimoja. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeuliza, nikatia sahihi tena. Ya tatu hata sikuitazama diski. Uongo wa kwanza niliuandika haraka haraka, herufi zikapinda. Wa tatu niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Siku chache baada ya sahihi ile ya kwanza, mwalimu wa lugha alitutuma kila mmoja amrekodi mtu mzima wa nyumbani akisimulia kazi yake. Rafiki yangu, tuliyemwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, alimrekodi mama yake, mshonaji wa nguo. Sauti ilikuwa ya dakika kumi na moja. Tuliihifadhi pamoja kwenye seva, kisha kinasa sauti kikafutwa ili mwanafunzi mwingine akitumie.

Siku mbili tu baadaye mama yake alilazwa hospitali, hakurudi tena nyumbani.

Tangu mazishi, Chiriku hakuwa Chiriku tena. Wakati wa mapumziko alikuja maktaba, akavaa vipokea sauti, akainamisha kichwa na kusikiliza. Kengele ikilia, alivivua akaenda darasani bila kusema neno. Nilimwonea huruma sana, na bado diski sikuipeleka.

Jumapili radi ilipiga. Jumatatu nilipofungua chumba, kilichonitisha kwanza ni ukimya. Halafu pua yangu ikapata harufu ya plastiki iliyoungua.

Fundi alifungua sanduku, akatikisa kichwa. Umeme ulikuwa umepita kote, hadi kwenye diski ya nakala iliyochomekwa pembeni. Vyote vilivyoungua alivitia katika katoni, kusubiri mnunuzi wa vyuma chakavu.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi," alisema, "na sauti ya mama?"

"Usilie, mwanangu. Nyumba imeungua, lakini nakala iko kwa karani." Akafunua daftari, akaweka kidole. "Ijumaa iliyopita. Hii hapa sahihi ya Bi Funguo. Kesho seva mpya inafika, na mama yako utamsikia."

Chiriku alinikumbatia. "Asante," alininong'oneza. "Mimi nilikuwa nakucheka na ufunguo wako, kumbe una kazi kubwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikainama, nikamsaidia Fundi kuifunga katoni. Nyumbani sahani yangu niliirudisha jikoni ikiwa imejaa, na mama aliponiuliza nina nini, nikasema kichwa kinauma. Huo nao ulikuwa uongo, wa nne kama mnahesabu.

Kesho yake nilimkuta Chiriku maktaba mapema kuliko mimi. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, vipokea sauti tayari masikioni, anasubiri. Waya wake ulining'inia tu, haujachomekwa popote. Hapo nilishindwa. Nilitoka mbio nikamkuta Fundi ukumbini, anaelekea kwa karani.

"Babu, hiyo ya kabatini ni ya zamani. Sikuipeleka diski. Ijumaa tatu zote niliandika uongo."

Alisimama.

"Kwa hiyo iliyoungua ndiyo yenye sauti?"

"Ndiyo."

"Basi kimbia, mtoto! Katoni imeshachukuliwa!"

Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia. Tulivuka uwanja, yeye akihema, mimi nikilia. Mkokoteni wa vyuma chakavu tuliukuta umeshatoka nje ya lango, na katoni yetu iko chini kabisa, imelaliwa na mabati. Mwenye mkokoteni alilalamika, lakini alitusaidia kupakua. Diski tuliipata, ganda lake limepasuka.

"Nitaipeleka kwa wenzangu wenye vifaa," Fundi alisema akiifunga kwenye leso yake. "Siahidi kitu. Wewe una kazi nyingine ya kufanya maktaba, na hiyo siwezi kukusaidia."

Nilimwambia Chiriku yote. Alivua vipokea sauti, akaukunja waya taratibu, akatoka. Afadhali angenipiga. Mchana mwalimu mkuu aliuchukua ufunguo, na kwa wiki mbili nilikaa dawati moja na rafiki asiyenitazama. Walimu nao walibaki jioni wakiandika upya alama na mahudhurio ya mwezi mzima, kwa sababu yangu.

Fundi aliporudi alituita sote wawili. "Ganda limeungua, moyo wake haukuungua wote," alisema. "Kati ya dakika kumi na moja tumepata sekunde hamsini."

Alibonyeza. Tulisikia cherehani ikikimbia, ikasimama. Kisha mama: "Sogeza mguu, unanikanyagia kitambaa. Kwani hicho kitu bado kinarekodi? Ai, kizime, nenda ukale. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni, unaongea tu, unaongea..." Akacheka, na kicheko kikakatika katikati.

Chiriku alicheka naye, halafu akalia. "Mwanzo wake uko wapi?"

"Hakuna, mwanangu," Fundi alijibu. Akanigeukia mimi. "Akiba haiozi, mjukuu wangu, lakini sharti iwekwe. Daftari halitunzi sauti ya mtu. Linatunza neno lako tu, na sisi wengine tunajenga juu ya neno hilo. Ungenyamaza siku moja zaidi, hata sekunde hizi tusingezipata. Ungesema wiki moja mapema, angekuwa nazo zote. Ukweli ni mzuri siku yoyote, ila ukichelewa, kuna mtu analipia."

Siku hizi daftari lina sahihi mbili, ya anayepeleka na ya karani anayepokea. Ufunguo anao Chiriku. Ijumaa iliyofuata mvua ilinyesha tena, naye alinisubiri mlangoni mwa darasa, diski mkononi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Twende," alisema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile.

Nilivua viatu, nikavishika mkononi, tukavuka uwanja.